Kiyoyozi kisichokula stima: hesabu ya South B si hesabu ya Likoni

Swali: "Naishi South B, Nairobi, ghorofa ya tano, na juu yetu ni slabu tu. Tangu Januari chumba cha kulala hakilaliki. Ukigusa dari saa mbili usiku bado ni moto, na dirisha linatazama machweo. Chumba ni mita tatu kwa nne. Dukani nimeambiwa nichukue kiyoyozi cha BTU 18,000 ili kipoze haraka. Cha BTU 12,000 cha kawaida ni shilingi 52,000, cha inverta ni 68,000. Pia nataka kumnunulia mama yangu, yuko Likoni, Mombasa, analala na feni na bado anaamka amelowa jasho. Nyumba yangu hutumia kama uniti 85 za stima kwa mwezi, ya mama kama 60. Je, inverta inaokoa stima kweli, au ni maneno ya wauzaji? Na zile nyota za kwenye kibandiko niziamini?"

Jibu:

Dada yangu, mnunulie mama inverta, na usingoje mwezi mwingine. Chako wewe kisubiri kwanza. Najua si jibu ulilotarajia, kwa sababu wewe ndiye unayeteseka chini ya ile slabu, lakini nipe nafasi nikuonyeshe hesabu. Nimefunga na kukarabati viyoyozi Nairobi na Pwani kwa zaidi ya miaka ishirini, na kosa ninalolikuta mara nyingi kuliko yote ni watu wa Nairobi kununua mashine kwa shida ya Mombasa, na watu wa Mombasa kununua ya bei rahisi kwa sababu jirani wa Nairobi alisema inatosha.

Kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kinachota joto chumbani na kulimwaga nje, kama mtu anayechota maji kwenye mtumbwi unaovuja. Stima unayolipa ni ujira wa huyo mchotaji. Kwa hiyo kuna mambo mawili ya kuuliza kabla ya kutoa pesa: mtumbwi unavuja kiasi gani, na mchotaji anataka ujira gani kwa kila ndoo. Dukani watakuambia habari za mchotaji tu. Shida yako wewe ni tundu la mtumbwi.

Tuanze na mchotaji, maana ndiye uliyemuuliza.

Kiyoyozi cha kawaida kina kompresa, ile pampu inayosukuma gesi ya kupozea, yenye hali mbili: inawaka kwa nguvu zote, au imezima. Chumba kikifika nyuzi ulizoweka, inazima. Joto likipanda kidogo, inawaka tena kwa kishindo, na taa za nyumba zinafifia. Inverta inabadilisha mwendo wa kompresa. Mwanzoni inakimbia, chumba kikishapoa inatambaa taratibu usiku kucha. Fikiria matatu kwenye foleni ya Jogoo Road, inayosimama na kuondoka kila mita ishirini, na nyingine inayotembea polepole bila kusimama. Lakini faida kubwa haiko kwenye kuwaka na kuzima peke yake. Kompresa ikienda polepole, koili, yaani yale mabomba yenye mapezi yanayopitisha joto, ni zile zile kubwa lakini zinabeba joto dogo, kwa hiyo gesi haihitaji kusukumwa hadi shinikizo kubwa ili joto litoke. Kazi ya kompresa inapungua kuliko vile mwendo ulivyopungua. Hapo ndipo stima inapookolewa, na hapo muuzaji hajakudanganya.

Sasa weka nambari. Ukiona BTU 12,000, ujue mashine inaweza kuchota chumbani kilowati 3.5 za joto. Uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Ya kawaida iliyo nzuri kiasi huchota uniti tatu za joto kwa kila uniti moja ya stima. Inverta nzuri, ukihesabu msimu mzima na si dakika moja ya maabara, huchota kama tano. Nambari hizo mbili, tatu na tano, ndizo nitakazotumia hapa chini.

Mama anawasha saa tatu usiku na kuzima saa kumi na mbili asubuhi, jumla ya saa tisa. Tuseme kwa wastani mashine inahitajika kwa asilimia 60 ya nguvu zake, maana usiku wa Likoni una joto na unyevu mzito. Joto la kuchotwa ni 3.5 mara 9 mara 0.6, karibu uniti 19. Mashine ya kawaida italipwa uniti 6.3 za stima kwa usiku huo, inverta uniti 3.8. Tofauti ni uniti 2.5 kila usiku, uniti 75 kwa mwezi. Kwa shilingi 28 kwa uniti, ni shilingi 2,100 kwa mwezi. Ile 16,000 uliyoongeza kwa ajili ya inverta imerudi ndani ya miezi minane, na kuanzia hapo mama anakula faida.

Chumba chako sasa. Kwa ukubwa wake unahitaji BTU 9,000, yaani kilowati 2.6. Nairobi hewa ya nje hupoa usiku, kwa hiyo utawasha saa mbili, na saa tano utazima na kufungua dirisha. Jumla ni saa tatu. Kwa asilimia 60 ile ile, joto la kuchotwa ni kama uniti 4.7. Ya kawaida itakula uniti 1.6, inverta chini kidogo ya uniti moja. Tofauti ni uniti 0.63 kwa usiku. Msimu wa joto kwetu, Januari hadi mwisho wa Machi, ni siku tisini. Jumla ni uniti 57, kama shilingi 1,600 kwa mwaka mzima. Tukichukulia tofauti ya bei ni ile ile ya 16,000, utairudisha kwa miaka kumi. Kabla ya hapo utakuwa umehama nyumba mara mbili.

Mashine ni ile ile na kiwanda ni kile kile. Kinachotofautiana ni saa za kuwaka. Ubora wa kiyoyozi unalipwa na saa kinazofanya kazi, na South B saa hizo ni chache.

Usichukue shilingi 28 yangu kama neno la mwisho. Fungua ujumbe wa tokeni kwenye simu yako, chukua pesa uliyolipa, gawanya kwa uniti ulizopata. Hiyo ndiyo bei yako halisi, pamoja na kodi na gharama ya mafuta inayopanda na kushuka kila mwezi. Na hapa kuna jambo wengi hawalijui hadi liwaume. Tangu Aprili 2023 bei ya stima ya nyumbani ina ngazi tatu: matumizi yasiyozidi uniti 30 kwa mwezi, kati ya 30 na 100, na zaidi ya 100. Ukivuka ngazi, bei inapanda kwa uniti zako zote, za friji na za pasi pia. Wewe uko 85. Hata inverta nzuri, ikiongeza uniti 28 kwa mwezi, inakupeleka 113. Utalipia ile baridi mara mbili: mara moja kwa uniti zake, mara ya pili kwa kupandisha bei ya zile 85 ulizokuwa nazo. Mama atavuka 100 kwa mashine yoyote ile, hilo halikwepeki, na ndiyo sababu nyingine ya kutaka uniti zake ziwe chache.

Turudi kwenye tundu la mtumbwi.

Nairobi iko kusini ya ikweta kwa digrii 1.3 tu. Karibu na tarehe 17 Machi jua la saa sita mchana linapita juu ya utosi wako kabisa. Januari hadi Machi mawingu ni machache, kwa hiyo slabu inapigwa wima, siku baada ya siku. Jua la mchana kama huo linaleta karibu wati 1,000 kwa kila mita ya mraba. Dari ya chumba chako ni mita za mraba 12. Ni sawa na pasi kumi na mbili za nguo zimelazwa juu ya kitanda chako, upande wa pili wa saruji. Sehemu ya joto hilo inarudi angani, inayobaki inaingia kwenye zege na kuanza kushuka. Zege nene kama ya slabu huchukua saa nne, tano kulipitisha. Ndiyo maana dari yako inachoma saa mbili usiku wakati majirani wa ghorofa ya pili wanajifunika blanketi.

Ukiweka kiyoyozi hapo bila kugusa slabu, unaajiri mchotaji wa kupambana na bomba lililofunguliwa.

Dawa ya kwanza ni rangi nyeupe juu ya slabu, ile ya kuzuia maji isiyobanduka kwa mvua. Saruji kuukuu iliyoingia weusi hurudisha angani kama robo ya mwanga wa jua, labda theluthi. Nyeupe mpya hurudisha zaidi ya theluthi mbili. Slabu inayonyonya nusu ya joto la jana itakupa usiku tofauti kabisa. Najua paa si lako, ni la mwenye nyumba. Mwendee na hoja inayomfaa yeye: rangi hiyo hiyo inaziba nyufa, na saruji isiyopanuka na kusinyaa sana kila siku haipasuki haraka. Nimewaona wenye nyumba waliokataa habari ya joto wakakubali habari ya kuvuja. Iwapo hatakubali paa lote, mwombe upake eneo la juu ya chumba chako na mita moja ya ziada kila upande, mkatane kwenye kodi au ugharamie mwenyewe. Kisha upaoshe kila Desemba, maana vumbi la Nairobi hulirudisha kuwa la kijivu.

Dawa ya pili ni dirisha la magharibi. Hapa watu hununua pazia zito, wanalifunga saa nane mchana, na wanashangaa chumba bado ni tanuri. Jua likishapita kioo limeshaingia. Pazia linapata moto na kuutoa chumbani humo humo. Kivuli lazima kiwe nje ya kioo. Ile neti nyeusi ya kivuli wanayoitumia kwenye vitalu vya miche huuzwa kwa mita. Ifunge kwenye grili za dirisha kwa nje, iache nafasi ya kiganja kati yake na kioo ili hewa ipite. Utapoteza sehemu ya mwanga wa jioni, na utapata chumba.

Ya tatu ndiyo zawadi ya Nairobi ambayo mama hana. Februari joto la nje hushuka hadi nyuzi 14 au 15 kabla ya alfajiri. Baridi hiyo ni ya bure. Jioni, hewa ya nje ikishakuwa baridi kuliko ya ndani, fungua dirisha la sebuleni upande wa pili wa nyumba, weka feni kwenye dirisha la chumba cha kulala ikitazama nje, isukume hewa ya moto itoke. Watu wengi huielekeza ndani. Ikitazama nje, inavuta hewa baridi kupitia nyumba nzima na kuziogesha kuta zote. Feni ya wati 60 kwa saa nane haifiki hata nusu uniti. Funga neti ya mbu, na asubuhi saa mbili funga madirisha yote kabla joto halijaamka.

Likoni ukifanya hivyo unaingiza mvuke. Usiku wa Machi huko hubaki karibu nyuzi 24 au 25, na hewa imebeba maji. Jasho la mama halikauki kwa sababu hewa haina nafasi ya kulipokea, na feni inamsukumia hewa ile ile. Anachohitaji mama ni hewa kukaushwa kama vile anavyohitaji kupoa, na hilo kwa kawaida ni kazi ya kiyoyozi. Sioni kama ni anasa kwa mtu mzima anayeamka amelowa.

Kwa sababu hiyo hiyo, jihadhari na mashine za kuwekwa maji na barafu zinazouzwa mjini zikiitwa viyoyozi. Ni feni inayopuliza kupitia sponji lililolowa. Nairobi, mchana mkavu wa Februari, inafanya kazi kweli, mradi dirisha liwe wazi na maji yabadilishwe kila siku. Inakula wati mia moja hivi, na kwako inaweza kutosha kabisa. Usimpelekee mama. Itamwongezea unyevu chumbani na kuvu ukutani. Na vile vya magurudumu vyenye bomba moja la kutupa joto dirishani navyo viache: hewa vinayoitupa nje inatoka chumbani mwako, na nyingine ya moto inaingia chini ya mlango kujaza pengo.

Sasa lile la BTU 18,000. Kataa. Kanuni ya haraka ninayoanza nayo ni BTU 600 kwa kila mita ya mraba, kisha naongeza robo kwa ghorofa ya juu kabisa au dirisha la magharibi. Chumba cha mita za mraba 12 kinapata 7,200, na nyongeza inakifikisha 9,000. Mashine kubwa mno hupoza hewa kwa dakika chache na kuzima kabla haijavuta unyevu, kisha kuta na dari zinalirudisha joto, inawaka tena. Umenunua shaba nyingi, unalipa stima nyingi, na unalala kwenye baridi yenye majimaji. Kwa mama, kama chumba chake hakizidi mita nne kwa nne, 12,000 ya inverta inatosha hata chini ya mabati, bora dari iwepo kati ya mabati na kitanda.

Kuna jambo moja la Nairobi ambalo karatasi za kiwandani hazilisemi. Tuko karibu mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na hewa ya hapa ni nyepesi kuliko ya Mombasa kwa karibu asilimia 18. Feni ya kiyoyozi inazunguka vile vile lakini inabeba hewa kidogo, kwa hiyo joto kidogo. Mashine yoyote inapoteza sehemu ndogo ya nguvu zake ikipanda huku. Hilo lisikutishe ukaruka hadi 18,000, kwa sababu vipimo vya kibandiko hufanywa joto la nje likiwa nyuzi 35, na Nairobi hilo ni nadra sana. Yanafidiana.

Nyota. Kibandiko cha EPRA, mamlaka ya nishati na petroli ya Kenya, ni cha kweli, kidai dukani; kina nyota moja hadi tano. Lakini nyota ni muhtasari, mimi husoma nambari. Tafuta uwiano wa ubaridi kwa stima, wati kwa wati. Ukikuta kibandiko cha nchi nyingine, nyota zake usizilinganishe na zetu: India wana mizani yao, Ulaya wana herufi zao, na tano ya kule inaweza isiwe tano ya hapa. Ukikuta nambari kama 11 kwenye mashine iliyoandaliwa kwa soko la Marekani, usifurahi, wanapima kwa BTU. Igawanye kwa 3.4, utapata 3.2, ya wastani tu.

Na hata kibandiko kikikosekana, ile sehemu ya nje ya kiyoyozi ina kipande cha chuma au stika ubavuni yenye kila kitu. Washa tochi ya simu, soma mistari miwili: uwezo wa kupoza na umeme unaoingia. Ukikuta 3,500 na 1,080, gawanya, ni 3.2. Hakikisha namba ya modeli hapo ni ile ile ya kwenye kibandiko. Kwa inverta utaona mabano pembeni, kwa mfano 3,500 (900–3,900). Ile 900 ndiyo namba ninayoipenda kuliko zote, na hakuna muuzaji aliyewahi kunionyesha bila kuulizwa. Ni kiwango cha chini kabisa ambacho mashine inaweza kutambaa bila kuzima. Inverta ambayo chini yake ni 1,700 itakuwa inawaka na kuzima kama ya kawaida kila joto la kuchotwa likiwa chini ya hapo, na umeshalipia jina.

Gesi ya kupozea iliyo ndani ya mashine: chukua ya R-32, au R-290 ukiipata kwa fundi aliyefunzwa kuishika, maana ni propani na inawaka. R-32 nayo huwaka, ila kwa shida. Kilo moja ya R-410A, gesi nyingine ya viyoyozi, ikivuja inapasha dunia joto kama kilo 2,088 za kaboni dayoksaidi, R-32 kama 675, R-290 kama 3. Ndiyo maana mwaka 2016 nchi zilikutana Kigali na kukubaliana kuzipunguza gesi kama R-410A na R-32, chini ya ule Mkataba wa Montreal wa 1987 ambao sekretarieti yake iko hapa hapa kwetu Gigiri. Ukiuziwa mashine ya mtumba yenye R-22, iache hata kama ni ya nusu bei. Gesi hiyo inaharibu tabaka la ozoni, inaondolewa sokoni, na siku itakapovuja utahangaika.

Kuhusu ufungaji nitazungumza kirefu kidogo, kwa sababu mashine ya nyota tano iliyofungwa vibaya ni ya nyota mbili. Niliitwa nyumba moja Kileleshwa, inverta mpya ya miezi mitatu, mwenyewe analalamika inakula tokeni kuliko friji mbili. Nikaenda rosheni. Sehemu ya nje ilikuwa imewekwa ikitazama ukuta, nafasi ya kiganja na nusu, na juu yake mabati ya kuanikia nguo. Nje kulikuwa na nyuzi 27. Nikaweka kipima joto mahali inapovuta hewa: 43. Ilikuwa inapumua pumzi yake yenyewe. Tuliigeuza ikatazama uwazi, tukaondoa mabati, na mita yangu ya kubana waya ikashuka kutoka ampia 5.1 hadi 3.6 chumba kikiwa kwenye nyuzi zile zile. Hatukuongeza gesi wala kubadilisha kipuri.

Kwa hiyo kwa mama, sehemu ya nje iwe upande usiopigwa na jua la mchana, iwe na nafasi mbele yake ya angalau mita moja, na isitazame upepo wa bahari moja kwa moja. Chumvi ya Pwani hula mapezi ya alumini hadi yabaki unga. Uliza koili yenye rangi ya kinga, mara nyingi huwa ya buluu, na mtu aimwagie maji baridi ya bomba kila mwezi, taratibu, bila presha. Maji ya kisima cha chumvi yasitumike.

Fundi akija, simama naye. Kabla ya kufungulia gesi lazima aunganishe pampu na kunyonya hewa yote kwenye mabomba, si chini ya dakika ishirini, geji ikitulia bila kurudi. Wapo wanaofungua valvu kidogo, gesi inasukuma hewa nje kwa sekunde tatu, wanasema tayari. Hewa na unyevu vinavyobaki ndani vinapandisha shinikizo, kompresa inahangaika, na mwaka wa pili inakufa. Ukiona hana pampu kwenye gari, msimamishe kwa upole, akalete. Mwambie pia aweke gadi ya volteji yenye kuchelewesha dakika tatu baada ya stima kurudi. Bodi ya inverta ni kompyuta ndogo, na stima ikipotea na kurudi kwa kishindo ndiyo ya kwanza kuungua. Bodi moja inaweza kumeza akiba ya mwaka mzima.

Matumizi ni mepesi. Mama aweke nyuzi 26, feni yake ya zamani iendelee kuzunguka kwa mwendo mdogo, na asikizime na kukiwasha kila saa kwa kuogopa tokeni. Mwambie inverta inaokoa ikiachwa itambae. Vichujio avitoe na kuviosha kila baada ya wiki mbili. Mambo ya kuwashia kwa simu usiyalipie.

Wewe, wiki hii nunua mita tatu za neti ya kivuli na umwendee mwenye nyumba na habari ya nyufa. Kisha pima. Kipima joto cha kuelekeza kwa miale, kile kilichozagaa madukani wakati wa korona, hakifai kama ni cha paji la uso tu, tafuta cha mafundi. Elekeza darini saa mbili usiku kabla ya rangi, andika. Pima tena wiki moja baada ya rangi, saa ile ile, siku yenye jua kama lile. Dari ikishuka chini ya nyuzi 28, utalala na feni na kiyoyozi hutakihitaji. Ikibaki juu ya 32, chukua BTU 9,000, ya kawaida yenye uwiano wa 3.2 kwenda juu, ile 16,000 ibaki mfukoni. Lakini kama una mpango wa kufanyia kazi humo chumbani mchana, kwa muda wa saa nane kila siku, nirudie na niambie, maana hapo saa zimebadilika na hesabu inageuka upande wa inverta.

Mfikishie mama shikamoo yangu, na uniandikie namba ya dari.